Hatukumtazama Mama akila

6 Februari

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za watu waliojaa vumbi hadi kwenye kope. Tumefika. Gari nalo limefika, jambo ambalo shemeji aliapa mbele ya mashahidi kwamba halitatokea, kwa hiyo mwambie aanze kuitafuta soda yangu. Wifi yako anakusalimu. Binti yangu anakusalimu, na anaomba umwekee vipande vya vitambaa vyenye maua. Mdogo wake, Kijiko, ambaye tangu ajue kutembea hakosi palipo na sufuria, amelala juu ya gunia la nguo kwa sababu vitanda bado hatujavifunga.

Nyumba tuliyopewa ina vyumba viwili na sebule ndogo, bati jipya, bomba uani. Ukikaa dirishani unaisikia mitambo ya maji ikinguruma kama mtu anayekoroma bila haya. Nimepokelewa vizuri. Msimamizi alinionyesha pampu tatu, mbili nzima na moja mahututi, akasema, "Hii ya tatu ndiyo mshahara wako." Nimecheka, lakini nimemwelewa.

Sasa ya safari. Ulinionya nisithubutu kumwaga pesa kwenye hoteli za njiani, kwamba mtu anaweza kuondoka kwao na mfuko umejaa akafika anaomba maji. Basi ungetuona ungejivunia. Wifi yako alichemsha trei nzima ya mayai, akafunga mikate, karanga, ndizi mbichi ili ziivie njiani, na chupa mbili za chai. Jiko la mafuta lilikuwa chini ya kiti changu. Tukiona kivuli tunasimama, wali unainjikwa. Mimi nilitunga sheria: mguu wa mtu usikanyage hotelini, anayetaka kunusa anuse dirishani, harufu ni bure. Tulisimama mahali ambapo abiria wa mabasi walikuwa wanatafuna kuku hadi mifupa inalia, sisi tunamenya mayai yetu kwa heshima zote. Kijiko alililia kuku hadi akapitiwa na usingizi. Lakini tulichookoa kimetununulia godoro, Dada. Godoro zima!

Mama hakutusumbua hata kidogo. Anakula kama ndege. Kila ukimuuliza anasema ameshiba. Kwa sasa amepumzika, unajua safari si mchezo kwa umri wake.

Nisalimie wote. Nitaandika nikishaizoea kazi.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta nimepiga magoti sakafuni natafuta sindano, nikaisomea huko huko chini. Alhamdulillahi kwa kufika kwenu. Shemeji yako anasema soda ilikuwa ya gari kufika, si ya gari kufika likisukumwa, na anataka ushahidi. Sisi ni wazima. Mwanangu mkubwa amechomewa shimo kwenye suruali mpya ya shule na rafiki yake, eti walikuwa wanajaribu kioo cha miwani juani. Msimu wa sare umekwisha, mgongo wangu nao umekwisha. Chumba cha Mama nimekipanga vitambaa na ile cherehani ya pili. Usimwambie.

Mpongeze wifi. Mwanamke anayejua kufunga kikapu ni nusu ya mshahara. Na wewe nakupongeza kwa kunisikiliza, maana tangu utoto masikio yako yalikuwa ya kushikia miwani tu.

Lakini nina swali. Anakula kama ndege, Mama? Mama huyu huyu aliyeninunia siku mbili kwa sababu niliukwangua ukoko wa wali nikampa jirani? Pengine ni uchovu. Nakukumbusha tu kwamba kile kidonge chake cha asubuhi cha sukari hakikai kwenye tumbo tupu. Akishakimeza lazima ale, si karanga tatu, ale chakula cha mtu. Nilimweleza wifi wakati tunapakia, ila kulikuwa na kelele za kamba na masanduku, sijui kama alinisikia.

Muulize Mama kama njiani ali... Hapana, usimuulize chochote. Mwambie nimemshonea gauni la mikono mirefu, la rangi ya udongo anayoipenda. Ninampa dereva wa lori la saruji anayekuja huko kwenu wiki ijayo.

Na barua ijayo andika maneno yake mwenyewe, kama alivyoyatamka. Mimi na yeye hatukuachana vizuri sana. Si ugomvi. Ni hivyo tu.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilitaka kuandika mara nyingi, ila ile pampu ya tatu imenifanya mtumwa wake. Nimeifungua, nimeifunga, nimeifungua tena. Juzi imetoa maji kwa muda wa kunywea chai, kisha ikafa. Mikono yangu inanuka grisi hata nikiwa nimeoga. Nanyi mnaendeleaje? Huyo mtoto wa miwani mwambie mjomba wake anamhitaji kazini, hapa tunakosa kiberiti kila siku.

Wifi yako amepata wateja wa maandazi pale getini. Amekonda kidogo. Hatuzungumzi sana siku hizi, kazi ni nyingi. Binti ameanza shule. Kitu cha ajabu ni kwamba hataki mayai tena. Ukimwekea kwenye sahani anayasukuma pembeni, ukimlazimisha analia. Tunadhani aliyachoka njiani.

Gari liliharibika gia mwezi wa pili, likalala karibu wiki tatu. Baada ya hapo nilisafiri nalo kidogo, shughuli tu.

Mama anakusalimu sana. Gauni limemkaa vizuri, anakushukuru. Anasema pazuri huku, majirani ni wema, hana la kulalamika.

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Shemeji yako ana kikohozi, mimi nina hasira, watoto wanapita kwa kunyata.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yule dereva wa saruji alishikwa na homa siku ya kuondoka. Gauni la Mama halijatoka hapa. Liko msumarini nyuma ya mlango, nikiinua macho naliona sasa hivi. Limemkaa vizuri wapi? Msumarini?

Halafu unaniandikia kwamba Mama hana la kulalamika. Nimeishi naye miaka yote hii. Mama alilalamika siku ya harusi yangu kwamba viti ni vya baridi. Alimlalamikia daktari kwamba kipimo chake kina kelele. Kama kweli una mwanamke mzee nyumbani asiye na la kulalamika, basi uliokota bibi wa watu kituoni, kamrudishe.

Sikutukani. Naogopa. Usingizi sipati, na nina sababu zangu za kuogopa ambazo si zako. Niambie kitu kimoja tu kisichokuwa cha kupamba. Mama yuko hai?

Jibu barua hii siku utakayoipata, hata kama pampu inawaka moto.

Dada yako


20 Mei

Dada,

Mama yuko hai. Naanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Barua yako niliipata mwishoni mwa mwezi wa nne. Tangu siku hiyo natembea nayo kwenye mfuko wa ovaroli. Kila jioni naketi kuijibu, naandika "Dada, hatujambo," naichana. Hatuwezi kuwa hatujambo. Sasa nakuambia.

Mama hayuko kwangu. Hajawahi kuingia katika nyumba hii.

Siku ya pili ya safari tulikuwa tumesimama mahali penye miti tupike. Mama alikuwa ametangulia kumpeleka Kijiko pembeni. Niliona mtoto anarudi peke yake. Nilipofika Mama alikuwa amekaa chini, ameegemea jiwe, jasho linamtiririka kama mtu aliyemwagiwa maji, na aliniita kwa jina la marehemu Baba. Nikacheka, Dada. Nilidhani ananitania. Kisha macho yakageuka.

Tulimbeba hadi mji uliokuwa mbele, ule wenye njiapanda ya malori. Hospitali walimtundikia maji ya sukari. Daktari, mwanamama mfupi mwenye sauti ya upole, akatuuliza, "Huyu mara ya mwisho alikula lini?"

Nikamtazama wifi yako. Wifi yako akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, macho barabarani. Yeye alikuwa anagawa, na amempakata Kijiko. Alijua kila mtu amepewa nini mkononi. Hakuna aliyejua nani amekula nini. Daktari akangoja. Ndipo binti yangu akaanza kulia pale kwenye benchi. "Mayai yake nilikula mimi," akasema. "Bibi alikuwa ananipa chini ya mtandio. Aliniambia nisiseme. Na mkate alikuwa anampa Kijiko." Jana yake yote na asubuhi ile Mama alikuwa amekunywa chai na kumeza kidonge chake, basi.

Na mimi nilikuwa naimba ile sheria yangu ya harufu ni bure.

Daktari alisema atapona, ila akae hospitali kwa siku kadhaa. Mimi nilitakiwa kuripoti kazini Jumatatu asubuhi, waliniambia wazi kwamba nisipoonekana kuna mwingine anasubiri mlangoni. Wifi yako hakuweza kubaki wodini na mtoto mdogo, na mahali pa kulala hatukuwa napo. Nilimwachia muuguzi hela ya chakula. Nilimuaga Mama, nikamwambia nitarudi Jumamosi kumchukua.

Jumamosi gari lilikuwa limekufa gia. Mshahara ulikuwa bado. Ningeweza kukopa nauli, sasa najua ningeweza, lakini nilikuwa mgeni kazini na niliona aibu kuanza kwa kukopa. Nilipofika kumchukua, wodini kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine. Wakanielekeza nyumba ya mama mmoja aliyekuwa mhudumu wa hospitali kabla hajastaafu, wote pale wanamwita Bi Pamba. Alikuwa akienda kumwona jirani yake wodini, kitanda cha pili, akamkuta Mama hana mtu, akaanza kumletea uji. Mama aliporuhusiwa, akamchukua.

Nilimkuta amekaa uani anachambua maharage. Hakuinuka. Nikasema, "Mama, nimekuja tuondoke." Akasema, "Kwenda wapi?" Nikasema nyumbani. Akasema, "Gari lile siingii." Nilimbembeleza hadi jua likazama. Hakunitukana, hakunipandishia sauti. Alichambua maharage. Nimerudi mara moja tena tangu hapo, jibu ni lile lile.

Hiyo ndiyo "shughuli" niliyokuandikia. Wifi yako nimemlaumu mchana na usiku kwa kile kikapu chake, na yeye amenyamaza, na sheria ilikuwa yangu. Sikukuambia kwa sababu ulinikabidhi Mama mzima.

Mimi


30 Mei

Mdogo wangu,

Leo sitaanza na salamu, utanisamehe.

Nimeisoma barua yako dukani, nikafunga duka, nikaisoma tena. Nilitaka kukuandikia maneno makali. Nilikuwa na haki ya kuyaandika, ingekuwa mimi ni msafi. Mimi si msafi. Kwa hiyo acha kumlaumu wifi, na punguza kujilaumu peke yako, maana jambo lenyewe lilianzia chumbani kwangu.

Jioni ya kabla ya safari nilikuwa namkunjia Mama nguo. Alikuwa anasema habari za njiani, kwamba ukishapita daraja kubwa kuna wauza samaki wa kukaanga, kwamba atakuambia usimame. Alikuwa na furaha kama mtoto. Nami nikamwambia hivi, nakumbuka kila neno: "Mama, huko usiende kuwa mtu wa kutaka-taka. Mwanao ana vinywa vya kulisha. Ukipewa kula, usipopewa vumilia. Ukishaanza kumtia gharama njiani, ataona umekuwa mzigo kabla hujafika."

Akasema, "Nimekusikia." Hakutaja samaki tena. Asubuhi aliniaga kama anavyomuaga mteja.

Unajua kwa nini nilisema vile? Si kwa ajili ya mfuko wako. Nilikuwa nimechoka, mdogo wangu. Miaka ya dawa, ya kliniki, ya kugombania chumvi. Uliposema utamchukua, moyo wangu uliruka kwa furaha na nikauficha uso. Nilichoogopa ni kwamba ungemchoka njiani ukamrudisha. Nilimfunga mdomo ili asirudi kwangu. Ndiyo maana niliogopa kumuuliza alikula nini. Na chumba chake nilikigeuza karakana kabla vumbi la gari lenu halijatulia.

Mimi ndiye niliyemwambia mtu mwenye kisukari asiombe chakula.

Nimeahirisha magauni ya watu, nimekopa kidogo, shemeji yako atabaki na watoto. Naenda huko njiapanda. Usije sasa. Niache nikaonane naye kwanza.

Dada yako


19 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia kutoka kwa Bi Pamba, kwenye benchi la jikoni, moshi unanitoa machozi na sihitaji kueleza mengine ni ya nini. Mama ni mzima. Amepungua mwili, lakini ulimi ni ule ule, amekwisha kuniambia kwamba mshono wa mkoba wangu ni wa aibu kwa fundi.

Usidhani anakaa hapa kama yatima. Yeye na Bi Pamba wanapika wali na maharage, na uji asubuhi, wanauza nje ya geti la hospitali kwa watu wanaouguza wagonjwa. Wako wengi, wametoka mbali, wanalala kwenye korido na hawana pa kula. Bi Pamba ni mnene, mcheshi, hasikii vizuri sikio moja, na Mama humlalamikia upande wa sikio lile ili asimjibu. Wamepatana kweli.

Siku niliyofika nilimkuta amesimama nyuma ya sufuria. Watu wamepanga foleni. Akaniona. Nikangoja aniite. Akaendelea kupakua. Sikujua la kufanya, nikaingia kwenye foleni kama wengine. Zamu yangu ilipofika akanipa sahani, kisha akanyoosha mkono. Alikuwa anadai hela, ndugu yangu! Nikalipa. Akanirudishia chenji, akasema, "Anayefuata."

Nilikula wali ule nimesimama ukutani.

Jioni nilimsaidia kuosha masufuria, nikamwambia yote, jinsi nilivyomchoka, jinsi nilivyokuwa nataka aondoke. Nilimwambia hata habari za chumba. Alisugua sufuria moja muda mrefu. Halafu akasema, "Nilijua. Mtu hakunji nguo za mamake kwa haraka vile kama hafurahi." Nikasema, "Mama, kwa nini ulinitii? Lini wewe ulinitii mimi?" Akasema, "Sikukutii wewe. Watoto walikuwa na njaa, nikawapa. Ningewapa hata ungeniambia niombe. Njaa si kitu, nimeijua kabla hamjazaliwa." Kisha akasema neno ambalo tangu siku ile linanitafuna. "Ila tulikaa watu wazima watatu kwenye gari moja, siku mbili, na hakuna aliyenitazama nikila. Wala wewe, kabla sijaondoka, hukunitazama. Mtu akifika mahali ambapo tonge lake halitazamwi, ajue ameshakuwa mzigo wa kamba."

Nikachukua sufuria iliyofuata, nikaisugua.

Sasa jambo lako. Uliniandikia kwamba ulimuaga pale wodini, ukamwambia utarudi Jumamosi. Nilimtajia Mama hilo ili nikutetee. Akaniangalia kwa mshangao. Akasema aliamka, dripu iko mkononi, kitanda cha pembeni kuna mwanamke anakoroma, na nyie hampo. Alimuuliza muuguzi, "Wanangu wamekwenda kula?" Muuguzi akamwambia, "Wameondoka, Mama, na gari lao." Siku nzima akasema hapana, wamekwenda kula, watarudi.

Barua hii ni ya kwanza kukuandikia nikiwa najua kila kitu, na sitaki kukupiga nayo. Nimekwisha kujipiga mwenyewe, mkono umechoka. Lakini usimwandikie mtu tena kwamba ulimuaga.

Nimekaa wiki moja sasa. Kila mchana nilipanga foleni, kila mchana akadai hela, nami nikatoa. Jana nilipoinyoosha hakuipokea. Alisema, "Ondoa hiyo, unachelewesha watu." Nililia pale pale mbele ya geti, watu wakadhani nimefiwa wodini, mzee mmoja akanipa pole.

Nyumbani kwangu hatarudi, amesema wazi. Kwako pia haji. Lakini ameuliza mambo mawili: Kijiko ameshaanza kusema? Na binti yako bado analia? Nimemwambia habari za mayai. Akasema, "Mlete yule mtoto." Basi njoo. Shule zikifungwa njoo na watoto na wifi. Usinunue zawadi yoyote. Njoo mwenyewe.

Dada yako


12 Agosti

Dada yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Pampu ya tatu imepona, inatoa maji kutwa nzima. Msimamizi amenishika mkono mbele ya watu, na nilitamani auachie.

Ni kweli. Sikumuaga. Alikuwa amelala, nikasimama kwenye miguu ya kitanda, nikasema moyoni nikimwamsha atauliza tunakwenda wapi, na sitaweza kutoka. Nilimwambia wifi yako kwamba nimemuaga. Nikakuambia na wewe. Nilikwisha kulisema mara nyingi hadi nikawa naiona midomo yake inanijibu.

Tumekwenda, sote wanne. Njiani mimi ndiye niliyesimamisha gari kwenye hoteli ya kwanza. Nikamwomba wifi yako msamaha pale mezani kwa habari ya kikapu. Akasema, "Ulichelewa." Kisha akanisogezea chumvi. Nadhani tutapona polepole.

Tuliingia kwa Bi Pamba adhuhuri. Mama alimpokea Kijiko, akampima uzito kwa mikono kama anayenunua kuku, akasema, "Huyu mnamlisha." Wifi yako akapiga magoti, na Mama akamshika bega akamwinua, akamwambia moto unataka kuchochewa. Wakaingia jikoni pamoja.

Binti alijificha nyuma yangu. Mama akamwita, wakaketi kwenye ngazi, nami nikajifanya naangalia tairi. Nikamsikia anamwambia, "Nani aliutoa mkono, wewe au mimi?" Mtoto akasema, "Wewe, Bibi." "Uliniibia?" "Hapana." "Basi aliyepewa hana kosa. Kosa ni la wakubwa, na wakubwa tutalisema wenyewe." Mtoto akalia, Dada, lakini kilio kingine, kile cha kulala baada yake. Alilala mapajani kwake hadi alasiri.

Mimi hakunisemesha. Nilichota maji, nikapasua kuni, nikarekebisha mlango wa choo uliokuwa unaning'inia. Siku ya kuondoka nikamfuata kwenye sufuria. Nikasema, "Mama, umenisamehe?" Akasema, "Wali unaungua, sogea." Nikasogea. Akapunguza moto. Kisha akasema, bila kunitazama, "Watoto niachie hadi shule zifunguliwe. Nyie nendeni mkafanye kazi."

Nikafahamu alichoniachia nikifanye. Wifi yako alikuwa ameshaingia garini. Nikawabusu watoto. Nikarudi hadi kwake, nikasimama mahali anaponiona, mbele, si miguuni. Nikasema, "Mama, naondoka. Nitarudi kuwachukua siku moja kabla ya shule. Gari likiharibika nitakuja na basi. Nikikosa nauli nitakopa."

Aliweka mwiko. Akanitazama usoni muda mrefu, watu kwenye foleni wanangoja, mmoja ameshaanza kuguna.

"Haya," akasema. "Leo umeniaga. Nenda."

Ni mimi, nduguyo wa tumbo moja